Mishale ya Watu Kwenye Podo la Marwa

Ndugu zangu wa Musoma, mmeniuliza kwa barua, mkaniuliza tena kwa midomo ya kila mtu apitaye huku: mashindano ya mishale kule Robanda yalikwendaje, nani alishinda, na mbona likizo yangu haina mwisho? Nawajibu wote kwa pamoja. Asiyetaka kusoma maneno ya mtu mwenye hasira aikunje karatasi hii sasa, nami sitamlaumu. Nimejaribu kuiandika kwa upole mara mbili, na mara zote mbili kalamu ilitoboa karatasi.

Mnakumbuka nilivyotoka huko. Miaka arobaini na sita, shahada ya chuo kikuu, na tumbo lililonifanya nifunge kamba za viatu kwa kukisia. Daktari aliniambia nitembee. Mimi, kwa tabia yetu wasomi, nilinunua kwanza kitabu cha kufundisha kutembea, nikakisoma nimelala.

Nilipofika nyumbani Nyanungu nilimkuta Marwa. Marwa na mimi ni rika moja. Tulitahiriwa asubuhi moja tumesimama bega kwa bega, na kwa sisi Wakurya jambo hilo huondoa adabu kati ya watu wawili mpaka kufa. Umri wetu ni mmoja, lakini tumbo lake limekazwa kama ngozi ya ngoma. Kila alasiri, palizi ikiisha, yeye na wanaume wenzake hukutana kwenye mteremko nyuma ya boma lake. Mmoja husimama juu na gurudumu lililosukwa kwa nyasi, huliviringisha kwa nguvu, na waliojipanga pembeni hulipiga mishale likiteremka na kurukaruka. Ukilipiga, unalikimbilia mpaka bondeni, unalibeba begani, unalipandisha. Ukilikosa, unaukimbilia mshale wako. Apigaye anakimbia na akosaye anakimbia. Daktari wangu angekosa kazi pale.

Niliingia mchezoni. Wiki ya kwanza sikuweza kuuvuta upinde wa Marwa, aliorithi kwa baba yake, hata ugwe ukakaribia kidevu.

"Vuta, Mwalimu!" walinipigia kelele. "Huo si mlango wa ofisi, hautafunguliwa na karani!"

"Kiwiko!" Marwa alikuwa akisema kila siku. "Kiwiko chako kinaning'inia kama sikio la mbuzi."

Baada ya mwezi na nusu nililipiga gurudumu mara moja. Lilikuwa limeshasimama, lakini nililipiga. Basi nikajiona mtu wa michezo. Na mchuuzi mmoja wa chumvi alipoleta salamu kwamba watu wa Robanda nao wanacheza mchezo huo huo, na kwamba wamesikia sisi wa Nyanungu tunajisifu bure, nilisema lazima twende, na twende kwa miguu mwanzo mpaka mwisho.

Marwa alikataa.

"Mura, kule upinde ni kesi siku hizi," alisema, kwa lile neno letu la kumwita mwanamume mwenzako. "Wameweka mpaka wa Shamba la Bibi. Mtu anakutwa na upinde, anafungwa."

Shamba la Bibi ndilo jina ambalo watu wameipa ile mbuga mpya, maana ardhi ni ya Malkia, na nyumbu ni wa Malkia, na nadhani hata kupe waliomo ni wa Malkia.

"Sisi hatuwindi," nilimwambia. "Ni mchezo."

"Wewe unajua ni mchezo. Nani atamwambia Bwana Nyama, yule mzungu anayelinda wanyama?"

"Mimi. Nitamwambia kwa Kiingereza."

Naomba mlikumbuke jibu hilo, maana ndilo lililomfunga mtu. Marwa alikuwa na ulezi shambani, mke wake Boke nyumbani, ule upinde, na uhuru wake. Vyote hivyo alivibeba kwenda Robanda kwa sababu nilimwomba siku nne mfululizo. Mimi sikuwa na cha kupoteza ila tumbo.

Nyanungu hadi Mto Mara

Siku ya kwanza nilitembea mbele. Siku ya pili nilitembea nyuma. Mchana wa siku hiyo ya pili Marwa alinivua viatu vyangu vipya vya raba, akatazama malengelenge, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akavitundika shingoni mwangu na kunipa makubazi yake ya ngozi. Yeye alikwenda pekupeku hadi mwisho wa safari.

Mtoni tulimkuta mwenye mtumbwi, Mzee Nyamhanga, amekaa mbele ya kibanda chake anashona wavu.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba kuvuka."

"Marahaba. Hamvuki. Kiboko amezaa pale."

"Ataondoka saa ngapi?" niliuliza, nikaitazama saa yangu.

Mzee aliitazama pia. "Hiyo mashine yako nenda ukamwonyeshe yeye."

Tulikaa siku mbili. Tulikula kambare wa kukaushwa kwa moshi na ugali wa mtama uliokuwa mgumu vya kutosha kujengea nyumba. Nilinung'unika, na hakuna aliyenisikiliza, kwa kuwa Marwa na mzee walikuwa wamesuka gurudumu la matete na kulichezea kando ya mto. Mzee, na miaka yake yote, alilipiga mara saba kwa kumi. Marwa nane. Mimi niliupoteza mshale mmoja majini.

Asubuhi ya tatu kiboko alipohama na kutuvusha kukawezekana, nikaona jambo ambalo sikulijua, kwa sababu miaka ambayo wenzangu walijifunza mambo haya mimi nilikuwa bwenini najifunza historia ya wafalme wa Uingereza. Mzee Nyamhanga alichomoa mshale mmoja kwenye podo lake, akampa Marwa. Marwa akampa wake. Kila mshale una alama ya mwenyewe, imechongwa karibu na manyoya. Ya Marwa ni mikato mitatu ya mshazari. Ya mzee ni duara moja na nukta.

"Walioshindana shabaha wakaachana hivi hivi, hawakucheza," Marwa alinieleza tukiwa ng'ambo. "Mshale wake ukiwa kwangu, jina lake liko kwangu. Nikienda kwa ndugu zake watauona, watajua nimekula kwake."

"Na asiye ndugu yake akiuliza ni wa nani?"

"Haulizi."

"Akiuliza je?"

Marwa alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaweza kumuuza mama yake. "Humwambii. Hajapewa jina hilo."

Ikorongo

Huku, mkitaka, chekeni. Ndicho kicheko cha mwisho.

Tulilala kwa watu wa ukoo wa mama yake Marwa. Asubuhi, nikiwa nimepona miguu na nimekula vizuri, nilikumbuka kitabu changu kilivyosema kwamba kukimbia maili mbili kabla ya kifungua kinywa husafisha mapafu. Nikavaa kaptula na fulana, nikatoka, nikaanza kukimbia njiani, taratibu, natazama mbele, napumua kwa pua.

Sasa fikirini. Katika nchi ya watu wenye ng'ombe na wezi wa ng'ombe, mtu mzima anayekimbia peke yake alfajiri, bila kusema neno, bila nguo za maana, anakimbilia nini? Mama mmoja aliyekuwa anakamua aliniona, akaacha kibuyu, akapiga yowe. Boma la pili likaitikia. La tatu likaitikia. Mimi nilisikia yowe, nikadhani kuna wezi kweli, nikaongeza mwendo nikawasaidie. Walipoona nimeongeza mwendo wakajua nimeuona wayo wa wezi. Nilipogeuka nyuma mara ya kwanza niliona wanaume watano na mikuki. Mara ya pili walikuwa kama arobaini, na mbwa.

Walinifuata mpaka nguvu zikaniishia kwenye kilima. Mzee wa mbele alinifikia akihema.

"Wameelekea wapi?"

"Nani?"

"Wezi!"

"Wezi gani, mzee?"

"Ng'ombe wangapi wamekwenda?"

"Sijui. Mimi... nilikuwa nakimbia tu."

Mbwa tu ndio waliokuwa wanazungumza.

"Unakimbia tu," mzee alirudia. "Unamkimbiza nani?"

"Simkimbizi mtu. Ni kwa ajili ya tumbo."

Mzee aliwageukia wenzake. "Ni kwa ajili ya tumbo," aliwafikishia habari, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Mmoja akaniambia kama ninaumwa tumbo choo kiko nyuma ya boma, hakihitaji maili tatu. Marwa alifika wa mwisho, akaniombea radhi kwa kusema kwamba nimesoma sana. Walimwelewa mara moja na wakamhurumia.

Natta

Mwenyeji wetu wa Natta simtaji jina. Kuanzia hapa mtaelewa kwa nini. Nimeibadilisha hata idadi ya watoto wake, ambayo sikuiandika.

Ni mtu mfupi, mkimya, mwenye mikono mirefu. Alitukaribisha kwa maziwa ya mgando, kisha ugali wa ulezi na nyama kavu iliyopikwa kwa karanga, tamu kuliko nyama yoyote niliyowahi kula mezani kwenu.

"Hii ni nyama ya nini?" nilimuuliza.

Marwa alinikanyaga mguu, palepale penye lengelenge.

"Ni nyama," alisema mwenyeji.

Baadaye alituonyesha mawe waliyoyapaka chokaa. Yanapita nyuma ya shamba lake la mtama. Upande wa huku ni kwake. Upande wa kule, alikozikwa babu yake, alikofunzwa kusimama imara na kuushika upinde, akivuka ni mwizi. Wanyama hawayajui mawe. Wiki iliyotangulia pundamilia walivuka wakala nusu ya mtama, naye alisimama ukingoni akawapigia makelele na debe.

"Na ukiwapiga?" niliuliza.

"Ni wa Bibi."

"Na mtama?"

"Mtama ni wangu," alisema. "Ndiyo maana hakuna aliyekuja kuuulizia."

Nilikasirika. Nilimwambia nitaandika makala, nitapeleka gazetini. Alinishukuru kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni aliyemwahidi mvua.

Asubuhi tulicheza gurudumu. Yeye na Marwa walilingana, nane kwa nane, na mimi nilipiga moja likiwa linaviringika kweli, ndugu zangu, linaviringika! Marwa alinibeba mgongoni akanizungusha. Kwa kuagana, mwenyeji akampa Marwa mshale wenye alama ya mikato mitatu iliyokutana chini kama wayo wa kanga. Marwa akampa wake. Nikaona ni jambo zuri sana. Nilikuwa tayari naitungia sentensi.

Kizuizi

Kabla ya kufika Robanda barabara inazibwa na gogo. Askari mmoja wa Bwana Nyama alikuwa pale, mtu wa makamo, mpole. Aliutazama upinde, akalitazama podo, akatutazama usoni.

"Jamani," alisema polepole, "mimi hapa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nyuma ya kile kilima kuna njia ya mbuzi. Nikiinuka sitaki kumwona mtu."

Akainama.

"Mura, twende," Marwa alisema.

Na sasa nawaambia nilichofanya. Nilisimama. Mimi, mwenye shahada, ningepitaje njia ya mbuzi kama mwizi? Mtu asiye na kosa ajifiche kwa nini? Mambo haya yote niliyasema kwa sauti, na mkono mmoja niliuinua.

"Mwalimu," Marwa alisema, "nakuomba."

"Namtaka bwana wako," nilimwambia askari. "Nitazungumza naye."

Askari aliinuka. "Sawa, Bwana," alisema, na hapo ndipo alipoanza kuniita Bwana.

Kituo kilikuwa nyumba ya bati yenye baraza. Ukutani, juu ya kiti cha mkubwa wa pale, kulikuwa na kichwa cha nyati, na pembe za kila mnyama ambaye Mungu alimpa pembe. Bwana Nyama mwenyewe alikuwa mzungu mwekundu, mchangamfu. Alilipindua podo mezani. Mishale ikatawanyika, na yeye akaiokota mmoja mmoja hadi akafika kwenye wayo wa kanga. Akaenda kabatini, akarudi na mshale mwingine, umevunjika, una damu kavu. Akaiweka pamoja. Wayo wa kanga, na wayo wa kanga.

"Hii natoka ndani ya pundamilia," alimwambia Marwa kwa kile Kiswahili chao cha kuamrisha. "Mshale hii ya nani?"

Marwa aliitazama mishale ile miwili.

"Wewe nasema jina, wewe nakwenda nyumbani. Wewe hapana sema, jela. Ya nani?"

Mimi nililijua jina. Lilikuwa ulimini, na namshukuru Mungu kwamba mara moja katika maisha yangu ulimi ulikataa. Nilimtazama Marwa. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye nyati, kama mtu anayesoma.

"Ni wangu," alisema.

"Alama hii yako?"

"Yangu."

"Na hizi zingine, mbalimbali?"

"Zote zangu. Mimi hupenda kubadilisha."

Hapo nikafungua kinywa. Nilitumia Kiingereza changu chote, kile ambacho kilinipatia zawadi chuoni. Nilieleza mchezo wa gurudumu, safari yetu, daktari, afya ya mwili. Nikasema kwamba sisi si majangili, ni watu wa michezo, na kwamba mishale hupita mkono kwa mkono kati ya wachezaji. Alisikiliza huku akitabasamu, akifurahi jinsi ninavyoyatamka maneno.

"Rafiki yangu," alisema, "nimekaa nchi hii miaka mingi. Mwafrika hana mchezo. Ana njaa." Kisha akanyoosha mkono juu bila kugeuka, akamgusa nyati puani. "Huu ndio mchezo."

Ndugu zangu, kichwa kilikuwa pale juu yake, na vumbi machoni, na aliyekipiga hakula hata ulimi wake, aliniambia mwenyewe. Na mtu mwenye mtama ulioliwa ndiye mwizi.

"Tupe upinde," nilisema. "Marwa atakuonyesha mchezo."

"Huyo? Najua anaweza kupiga. Hilo ndilo kosa lake. Wewe nionyeshe. Wewe na tumbo lako." Alielekeza kidole kwenye debe lililokuwa juu ya nguzo ya ua, hatua kama sitini. "Lipige lile, nitaamini kwamba nyinyi ni watu wa michezo."

Aliposema "nyinyi" nilisikia watu wawili. Naapa nilisikia wawili.

Niliuchukua upinde wa baba yake Marwa. Nikaweka mshale wa Marwa mwenyewe, wenye mikato mitatu ya mshazari. Marwa alikuwa kati ya askari wawili, ameshikwa mikono. Niliona kidevu chake kinapanda kidogo, nikainua kiwiko. Nikavuta. Ugwe ulipita kifua. Ulipita kidevu. Sijui ni misuli ipi iliyouvuta, maana sikuwa nayo. Nadhani ilikuwa hasira tupu. Ulifika sikioni, mahali ambapo haukuwahi kufika mkononi mwangu, nikauachia.

Debe lililia kama kengele, likaanguka.

Bwana Nyama alipiga makofi. Alinijia, akanishika mkono akautikisa, akanipiga bega. "Safi sana! Nilikosea. Wewe ni mtu wa michezo kamili!" Akaagiza chai. Kikombe kikaja. Nikakipokea. Aliniuliza gurudumu linasukwaje, nami nikaanza kumweleza, nyasi gani, mafundo mangapi, na nilikuwa nimeshakunywa nusu ya kikombe nilipoona Marwa anapandishwa nyuma ya gari.

"Anapelekwa wapi?"

"Yule? Musoma, mahakamani."

"Lakini umesema ukiona nimepiga—"

"Nimekuamini wewe. Wewe ni mwanamichezo. Yule ni jangili, na mshale wake ninao." Aliniletea upinde. "Chukua upinde wako."

"Si wangu. Ni wake."

"Usiseme hivyo," aliniambia kwa wema kabisa. "Upinde wake ingenipasa niuchome."

Nikauchukua. Aliniachia na podo na mishale iliyobaki. Wayo wa kanga aliurudisha kabatini pamoja na mwenzake.

Nilikimbia mpaka kwenye gari. Marwa alikuwa amekaa sakafuni, miguu pekupeku, pingu mikononi.

"Leo kiwiko kimekaa sawa," aliniambia kwa Kikurya.

"Marwa, nitawaambia. Nitarudi ndani nitaje—"

"Ukitaja, usinijue tena." Gari likawaka. "Nenda Robanda. Wanatungoja."

Robanda

Walikuwa wanangoja kweli, kumi na mmoja, kwenye uwanja wa kupuria mtama ambao mwaka huu haukuwa na mtama wa kupura, nyumbu walipita. Gurudumu lao lilikuwa limeegemezwa ukutani, jipya, limesukwa kwa ustadi kuliko letu. Mkubwa wao aliitwa Wambura, mtu mwenye mvi na jicho la kejeli.

"Ndio nyinyi wa Nyanungu mnaojisifu?" alisema. "Tuliambiwa wawili. Mwingine umemmeza?"

Nikawasimulia. Niliposimulia chai, sikuiruka. Hakuna aliyecheka tena.

"Alitaja?" Wambura aliuliza.

"Hakutaja."

"Na wewe unalijua jina?"

"Silijui."

"Unalijua."

"Silijui, mzee."

"Vizuri," alisema. "Basi na sisi hatulijui."

Mmoja wao akalichukua gurudumu, akapanda nalo juu ya mteremko, akaliachia. Liliteremka, likaruka juu ya jiwe, likapita mbele yetu sote, na hakuna aliyeinua upinde. Tulilitazama likifika bondeni, likizunguka lenyewe, likalala. Huo ndio uliokuwa mchezo wetu wa Robanda. Mnaotaka kujua nani alishinda, sasa mnajua.

Walinipa uji na kiazi, na nilipoaga asubuhi, kila mmoja alikuja akatia mshale wake katika podo. Kumi na mmoja. Alama kumi na moja, majina kumi na moja, ya watu ambao kila mmoja angefungwa kwa mshale wake.

"Mpelekee," Wambura alisema. "Mwambie hatukushindana shabaha, lakini amecheza."

Kurudi

Nilirudi kwa barabara ile ile. Nilitaka wanikamate. Nilifika kwenye gogo na podo limejaa, upinde mkononi, bila kuficha kitu, na nilikuwa nimeshaandaa hotuba.

Askari alikuwa yule yule. Alilinyanyua gogo kabla sijafika, akasimama wima, akapiga saluti.

"Pita, Bwana."

"Tazama mishale hii," nilimwambia. "Kila mmoja una alama yake. Itazame!"

"Bwana Mkubwa amesema mwenye Kiingereza apite."

"Nimekwambia itazame!"

Alishusha mkono. Alinisogelea, na sauti yake haikuwa tena ya askari. "Nilikufungia macho yangu, mzee. Niliinama kabisa. Kwa nini hukupita nyuma ya kilima?"

Nilipita katikati ya barabara.

Natta nilipita mchana. Mwenyeji wetu alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama mikono yake, akasema atakwenda kujitoa. Nilimkatalia kwa jina la Marwa, na ilinichukua siku mbili kumkatalia. Nilimwambia kwamba watawaweka ndani wote wawili, na hapo mshale wa Marwa utakuwa umetolewa bure. Mwisho alikubali kubaki. Sijui kama nilimsaidia au nilimwongezea mzigo. Mtoni Mzee Nyamhanga hakuniuliza kitu. Alihesabu watu kwenye mtumbwi, akavusha.

Marwa amepewa miezi sita. Nyinyi mko Musoma. Mkipita mahali wafungwa wanapoponda kokoto za barabara, mtafuteni mtu wa umri wangu asiye na tumbo. Mpelekeeni chakula, na mkiweza, viatu. Mwambieni upinde uko mzima.

Nilipofika Nyanungu nilikwenda kwanza kwa Boke. Nilimweleza nimesimama, sikuthubutu kukaa. Alilichukua podo, akaichomoa mishale, akazipapasa zile alama moja baada ya nyingine kwa kidole gumba, kisha akatundika kila kitu ukutani juu ya kiti cha mume wake. Nilingoja anitukane. Nilikuwa na haki ya kutukanwa na nilikuwa naihitaji.

Aliingia ndani, akatoka na jembe la Marwa.

"Shemeji," alisema, "palizi ya pili imeshapita siku zake."

Basi ndiyo sababu ya likizo yangu. Waajiri wameandika, na wataandika tena. Naamka kabla ya jua, nalima mpaka linapochoma, narudi jioni. Mgongo unauma mahali ambapo kitabu changu hakikuchora. Wanaume wa mteremkoni wanapita na pinde zao, wananisalimu, hawaniiti Mwalimu wala hawaniiti kucheza. Na kila nikifika mwisho wa mstari nikajinyoosha kutazama nilichofanya, Boke huwa amesimama nyuma yangu na jembe lake.

"Hapo umeacha magugu, shemeji," ananiambia. "Rudi."

Narudi.